Aniceti Kitereza: Maisha ya Kila Siku kama Chimbuko la Riwaya

Ikisiri

Makala hii inaeleza maisha ya Aniceti Kitereza (1896–1981), mwandishi wa Ukerewe, kwa nia ya kubainisha mahali alipochota mawazo ya riwaya yake, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Hoja inayotetewa ni kwamba shughuli za kila siku katika riwaya hiyo, yaani kulima, kupika, kutengeneza pombe na kwenda ukweni, si mandhari wala pambo. Ndizo zinazousukuma msuko wa hadithi. Makala inaonyesha pia kwamba jicho la kuyaona mambo hayo lilinolewa na msiba uliokuwa ndani ya nyumba ya mtunzi mwenyewe.

1.0 Utangulizi

Katika mijadala ya fasihi ya Kiswahili suala la chimbuko la kazi ya sanaa hujibiwa mara nyingi kwa kutaja matukio makubwa: ukoloni, vita, uhuru, Azimio la Arusha, mageuzi ya kisiasa. Jibu hilo lina ukweli wake, kwani mtunzi ni zao la historia ya jamii yake. Hata hivyo linaacha pembeni swali jingine lenye uzito uleule. Mtunzi huyo, anapoketi na kalamu mkononi, anaona nini hasa mbele yake? Je, anaona Historia, au anaona mama anayetwanga, mzee anayesubiri kinywaji, na kijana anayeogopa kuingia kwa wakwe zake?

Maisha ya Kitereza yanatoa nafasi nzuri ya kulitazama swali hili. Mtu huyu alizaliwa katika ukoo wa kitawala, akayaona madola mawili ya Kizungu yakiingia na kutoka, akapita katika vita vikuu viwili vya dunia, na akafa akiwa raia wa taifa huru. Lau angetaka kuandika juu ya wafalme na vita, asingekosa la kusema. Lakini aliandika juu ya mume na mke wa kawaida waliokosa mtoto. Uamuzi huo ndio unaohitaji kuelezwa.

Mandhari ya maisha yake ni kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Viktoria. Kusini mwa kisiwa hicho ipo Ghuba ya Speke, na ng'ambo ya ghuba inaanza nchi ya Wasukuma inayoenea hadi Bariadi na Nkoma, katika eneo ambalo tangu mwaka 2012 limekuwa Mkoa wa Simiyu. Mto Simiyu, uliolipa eneo hilo jina lake, humwaga maji yake katika ghuba hiyohiyo. Pwani mbili hizi zimezoeana kwa karne nyingi kwa biashara, njaa, ndoa na mifugo. Jambo hili litarejewa mwishoni, kwa sababu linahusu swali la nani anaweza kuisoma riwaya ya Kitereza na kujiona ndani yake.

2.0 Ukoo, Utoto na Shule

Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika ukoo wa Wasilanga, ukoo uliotoa watawala wa Ukerewe waliojulikana kwa cheo cha Omukama. Babu yake alikuwa Omukama Machunda, mmoja wa watawala mashuhuri wa kisiwa hicho katika karne ya 19. Mwaka mmoja kabla ya kuzaliwa kwake, yaani 1895, Wajerumani walimwondoa madarakani Omukama Lukonge, yule ambaye miongo miwili nyuma alikuwa amempokea msafiri Stanley, na wakamsimika Mukaka. Kwa hiyo mtoto Kitereza alikuja duniani wakati utawala wa wazee wake ulikuwa umekwisha kuvunjwa nguvu, ingawa jina na heshima vilibaki.

Baba yake, Malindima, alifariki Kitereza akiwa bado mdogo. Mjane na mtoto wake wakapata hifadhi katika makazi ya Omukama Mukaka. Kipindi hiki ni muhimu kwa anayetafuta chimbuko la uandishi wake. Ikulu ya mtawala wa zamani haikuwa jengo la kukaa kimya. Ilikuwa ni uwanja wa wageni, wasuluhishi wa kesi, wapiga ngoma, wasimuliaji na watumishi. Mtoto yatima aliyelelewa mahali kama hapo hujifunza mapema kusikiliza. Hujifunza pia kwamba amri ya mkubwa huwa ni maneno tu mpaka wapatikane watu wa kuteka maji, kukata kuni na kusaga nafaka.

Mukaka alimpeleka mtoto huyo kwa wamisionari wa Shirika la White Fathers waliokuwa Kagunguli. Huko alifundishwa kusoma na kuandika, akabatizwa kwa jina la Aniceti. Kutoka Kagunguli alivuka ziwa kwenda seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, ambako alikaa takribani miaka 10, hadi 1919. Masomo ya seminari yalikuwa magumu: Kilatini, Kijerumani, falsafa na elimu ya dini, pamoja na Kiswahili. Vita Kuu ya Kwanza vilipita juu ya masomo hayo, na utawala ukahama kutoka mikono ya Wajerumani kwenda ya Waingereza.

Elimu hiyo ilimfanya kuwa miongoni mwa Waafrika wachache sana wa eneo la ziwa waliokuwa na usomi wa kiwango hicho kwa wakati huo. Lakini ilimfanyia jambo jingine pia. Ilimweka mbali na nyumbani katika umri ambao vijana wenzake walikuwa wakijifunza kwa vitendo kulima, kuvua, kuchumbia na kujenga. Mtu aliyekulia ndani ya desturi hana sababu ya kuzitazama, anaziishi. Aliyeondoka akarudi huziona upya, kwa kuwa ameona kwamba mambo yanaweza kuwa vinginevyo. Kitereza alirudi na macho ya namna hiyo.

3.0 Nyumba ya Aniceti na Anna

Kitereza hakuwa padri. Mwaka 1919 aliiacha seminari na mwaka huohuo akamwoa Anna Katura. Kwa muda fulani kabla ya Vita Kuu ya Pili alifanya kazi ya ukarani kwa mfanyabiashara Mwitaliano, na baadaye akarejea Kagunguli. Huko aliwasaidia wamisionari kwa kazi ya ukatekista na ya kufasiri maandiko, huku akikusanya hadithi, mila na historia za Wakerewe.

Kwa nje haya yalikuwa maisha ya mtu mwenye elimu na heshima. Kwa ndani nyumba hiyo ilikuwa na jeraha. Aniceti na Anna hawakujaliwa mtoto aliyeishi. Watoto waliozaliwa walikufa wakiwa wachanga, na wawili hao wakazeeka bila ya kuitwa baba wala mama na mtu wa damu yao.

Uzito wa jambo hili hauwezi kupimwa kwa mizani ya leo peke yake. Katika jamii ya Wakerewe, kama katika jamii nyingi za Maziwa Makuu, mtoto alikuwa mrithi wa shamba, mlezi wa wazee, mwendelezaji wa jina, na ushahidi kwamba ndoa imesimama. Mwanamke asiye na mtoto alibeba lawama ya ukoo mzima. Mwanamume naye alishauriwa, na wakati mwingine alishurutishwa na ndugu zake, kuoa mke mwingine. Kwa Kitereza shinikizo hilo lilikuwa na ncha mbili. Alikuwa mtu wa ukoo wa kitawala, ambao kwao uzao ni jambo la heshima ya nasaba. Na alikuwa Mkristo Mkatoliki ambaye ndoa yake haikuwa na mlango wa pili. Alibaki na Anna. Walikaa pamoja zaidi ya nusu karne.

Mtu anayeishi katika hali hiyo hujikuta akiyachunguza mambo ambayo wengine huyapita. Salamu ya jirani inayouliza hali ya watoto, kwake si salamu tu. Sherehe ya kumtoa mtoto nje, kwake si sherehe tu. Kila tendo la kawaida la kijiji linamkumbusha kile ambacho nyumba yake imekosa. Hapa ndipo chimbuko la riwaya linapoanza kuonekana: katika kazi na maneno ya kila siku yaliyopata uzito usio wa kawaida kwa sababu ya hali ya mtu aliyeyasikia.

4.0 Kuandikwa kwa Riwaya

Katika miaka ya Vita Kuu ya Pili Kitereza alianza kuandika kazi ndefu kwa Kikerewe, akitiwa moyo na padri Almas Simard, mmisionari kutoka Kanada aliyekuwa Kagunguli. Kazi ilikamilika mwaka 1945. Nia ya mwandishi ilikuwa bayana: aliona kwamba vijana walikuwa wakiondoka katika njia za wazee wao bila ya kujua wanaacha nini, na kwamba lugha yenyewe ilikuwa ikipoteza maneno pamoja na vitu vilivyotajwa na maneno hayo. Alitaka yabaki mahali yanapoweza kusomwa.

Njia rahisi ingekuwa kuandika kitabu cha mila, chenye sura ya ndoa, sura ya mazishi na sura ya kilimo. Vitabu vya namna hiyo viliandikwa vingi katika Afrika Mashariki ya wakati huo, na wamisionari walivipenda. Kitereza hakufuata njia hiyo. Aligundua kwamba desturi ikitenganishwa na mtu inayemhusu hugeuka kuwa orodha. Kwa hiyo alianza na mtu.

Hadithi inawekwa katika zama za kabla ya kuja kwa Wazungu. Myombekere na mkewe Bugonoka wanapendana, lakini hawana mtoto. Ndugu za mume wanamsimanga mke. Maneno yanafika ukweni, na wazazi wa Bugonoka, Namwero na Nkwanzi, wanamchukua binti yao kumrudisha nyumbani. Myombekere anabaki peke yake katika nyumba isiyo na moto. Analazimika kwenda kwa wakwe kumwomba mkewe, na huko anatozwa faini ya mitungi sita ya pombe ya ndizi. Anailipa. Mke anarudi. Wanakwenda kwa mganga, na baada ya tiba ndefu wanapata mtoto wa kiume, Ntulanalwo, kisha wa kike, Bulihwali. Sehemu ya pili inafuata maisha ya watoto hao hadi utu uzima, na inawasindikiza wazazi wao hadi kifo cha uzeeni.

Ulinganifu kati ya nyumba ya Kagunguli na nyumba ya Myombekere hauhitaji kusisitizwa sana. Hata hivyo ni makosa kuisoma riwaya kama tawasifu iliyovaa kinyago. Kilicho cha mtunzi ni swali, si jibu. Katika maisha yake swali la mtoto lilijibiwa kwa kaburi. Katika riwaya lilijibiwa kwa uzao. Majina ya watoto wa riwaya yanaonyesha kwamba mtunzi hakuisahau tofauti hiyo. Jina la Ntulanalwo limebeba wazo la mtu anayeishi na kifo ubavuni mwake siku zote, na jina la Bulihwali ni swali linalouliza majonzi yatakwisha lini. Majina ya namna hiyo yanafahamika katika eneo la Maziwa Makuu. Wazazi waliofiwa huyatoa kwa mtoto wanayehofia kumpoteza. Kwa hiyo furaha ya Myombekere imetiwa alama ya msiba tangu siku ya kwanza, kwa njia ya jina linaloitwa kila asubuhi uwanjani.

5.0 Mambo Madogo Yenye Kuusukuma Msuko

Baadhi ya wahakiki wameiona riwaya hii kuwa nzito kwa maelezo. Wanasema kwamba hadithi inasimama ili msomaji afundishwe jinsi ya kutengeneza pombe, kutayarisha dawa, kuvua samaki au kupokea wageni, kisha inaendelea. Kwa mtazamo huo kazi ya Kitereza ni hazina ya mila iliyofungwa kwa uzi mwembamba wa hadithi. Mtazamo huu umepata nguvu kwa sababu mwandishi mwenyewe alitangaza nia ya kuhifadhi. Lakini nia ya mtunzi na utendaji wa kazi yake ni mambo mawili, na inafaa kuitazama kazi yenyewe.

Tuchukue mfano wa pombe ya faini. Pombe ya ndizi katika nchi za ziwa haipatikani kwa kuagiza. Ndizi zilizokomaa hukatwa na kuvundikwa mpaka ziive kwa pamoja. Humenywa, hukamuliwa kwa nyasi, juisi yake hutiwa unga wa nafaka iliyokaangwa, kisha huachwa ichachuke kwa muda uliopimwa. Ikiwahi ni tamu isiyolewesha, ikichelewa ni chungu isiyonyweka. Kazi hiyo yahitaji shamba lenye migomba ya kutosha, vyombo, kuni, maji, na zaidi ya yote, watu. Mtu mmoja haiwezi. Sasa Myombekere ni mume aliyeachwa, asiye na mtoto wa kumtuma wala mke wa kumsaidia. Kila hatua ya utengenezaji wa pombe inampima: ana marafiki gani, jirani gani atampa ndizi, nani atakubali kufanya kazi usiku kwa ajili ya mke wa mwenziwe. Msomaji anayefuata maelezo ya ndizi na vyombo anafuata, bila kuambiwa, hesabu ya thamani ya mtu katika jamii yake. Maelezo hayo yakiondolewa, toba ya Myombekere inabaki neno tupu.

Vivyo hivyo kwa upishi. Katika jamii inayogawa kazi kwa jinsia, mwanamume anayejisagia na kujipikia ni kitu cha kuchekesha na cha kusikitisha kwa wakati mmoja. Kitereza hahitaji kueleza upweke wa Myombekere kwa maneno ya huzuni. Jiwe la kusagia linatosha. Hali kadhalika safari ya kwenda ukweni: mahali pa kukaa, namna ya kusalimu, chakula gani kinakubaliwa na kipi kinakataliwa, nani anaondoka nani anapoingia. Kila kipengele cha adabu ni hatua katika mashauri. Wakwe wanasema kwa kiti na sahani yale ambayo ulimi haukubali kuyasema.

Kutokana na mifano hii ni dhahiri kwamba shughuli za kila siku katika riwaya ya Kitereza zinafanya kazi mbili. Kwanza, zinaleta mgogoro: masimango yanatokea katika maongezi ya kawaida ya ndugu, si katika kikao cha ukoo. Pili, zinatatua mgogoro: upatanisho unapatikana kwa kazi ya mikono, si kwa hotuba. Katikati ya kazi hizo mbili hakuna nafasi ya pambo. Hii ndiyo sababu mjukuu wa Omukama hakuwahitaji watawala katika riwaya yake ila kwa mbali. Nguvu aliyotaka kuichunguza haikuwa ya kiti cha enzi. Ilikuwa nguvu ya desturi inayoweza kuivunja nyumba na kuijenga tena kwa vitu vilevile: maneno, chakula na kinywaji.

Inafaa kulinganisha jambo hili kwa ufupi na riwaya ya Kiswahili ya wakati uleule. Shaaban Robert, katika Kusadikika iliyotoka mwaka 1951, alijenga nchi ya kufikirika ili aseme juu ya haki na utawala. Sanaa yake inapanda kutoka kwa wazo kwenda kwa mfano. Sanaa ya Kitereza inakwenda njia ya kinyume: inaanza na mtungi, na wazo linakuja baadaye, likija. Njia zote mbili ni halali. Lakini ya pili ilikosa wafuasi kwa muda mrefu, kwa sababu moja rahisi: hakuna aliyeweza kuisoma.

6.0 Mswada Uliosubiri Miaka 35

Mwaka 1945 Kitereza alikuwa na mswada mkubwa katika lugha ya wasemaji wachache. Wachapishaji hawakuwa tayari kuuchapisha kwa Kikerewe. Padri Simard aliifasiri kazi hiyo kwa Kifaransa, lakini tafsiri hiyo haikufika kwa wasomaji, na padri mwenyewe akafariki. Miaka ikapita. Uhuru ukaja mwaka 1961, Kiswahili kikawa lugha ya taifa, shule zikaongezeka, na bado kurasa za Myombekere zilikuwa zimelala nyumbani kwa mzee.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 alifika Ukerewe mwanahistoria Mmarekani, Gerald Hartwig, pamoja na mkewe Charlotte, kwa utafiti wa historia ya Wakerewe na biashara yao ya masafa. Kitereza alikuwa mmoja wa watu waliomsaidia zaidi, na Hartwig akauona mswada. Ushauri uliotolewa ulikuwa mmoja: uwekwe katika Kiswahili. Mzee aliyekuwa amepita miaka 70, akisumbuliwa na maradhi ya viungo, aliketi akaifasiri kazi yake mwenyewe, ukurasa baada ya ukurasa.

Tendo hili linastahili kutazamwa kwa makini na wanafunzi wa tafsiri. Kitereza alikuwa anahamisha maisha ya kila siku kutoka katika lugha iliyoyazaa kwenda katika lugha ambayo baadhi ya vitu hivyo haikuwa imevitaja. Majina ya mimea, ya vyombo, ya hatua za kuchachusha pombe, ya aina za undugu: yote yalitaka uamuzi. Mara nyingi aliamua kueleza badala ya kubadilisha. Hivyo sehemu ya urefu unaolalamikiwa na wahakiki ilitokana na uaminifu wa mfasiri asiyetaka kitu kipotee njiani.

Tafsiri hiyo ya Kiswahili ilichapishwa na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam katika majuzuu mawili yenye mwaka wa 1980. Kitereza alifariki mwaka 1981, katika ufukwara, kabla ya nakala zilizochapwa kumfikia. Mtu aliyekosa mtoto wa kumzika alikosa pia kukiona kitabu kilichokuwa kama mtoto wake. Ni vigumu kuandika juu ya maisha haya bila kusimama hapo kidogo.

Baada ya kifo chake kazi ilianza kusafiri. Wilhelm Möhlig aliifasiri kwa Kijerumani, juzuu mbili zikatoka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwingine wa Ukerewe, alitoa tafsiri ya Kiingereza aliyoifanya moja kwa moja kutoka Kikerewe, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota, kampuni iliyoanzishwa na Walter Bgoya aliyekuwa zamani kiongozi wa Tanzania Publishing House. Kitabu hicho kina zaidi ya kurasa 600. Ikikumbukwa kwamba Euphrase Kezilahabi (1944–2020), mtunzi wa Rosa Mistika ya mwaka 1971, naye alikuwa mtu wa Ukerewe, itaonekana kwamba kisiwa hicho kimoja kimechangia kwa kiasi kisicho cha kawaida katika riwaya ya Tanzania.

7.0 Hitimisho: Kutoka Kagunguli hadi Nkoma

Yapo mambo mawili ya kukumbukwa kutokana na maisha haya. La kwanza linahusu chimbuko. Kitereza hakukosa mambo makubwa ya kuandika. Aliyaacha kwa sababu aliona kwamba maumivu yake, na ya watu aliowajua, hayakutokea katika mambo makubwa. Yalitokea pale mtu aliposalimiwa, alipopewa chakula, alipoulizwa swali la kawaida. Maisha ya kila siku hayawi chimbuko la riwaya kwa kuwa ni ya kila siku. Yangekuwa hivyo, kila mtu angekuwa mtunzi. Huwa chimbuko pale mtu mwenye swali lisilojibika anapoyatazama kwa muda mrefu.

La pili linahusu msomaji. Imedhaniwa kwamba kazi iliyojaa mambo ya kisiwa kimoja itaeleweka na watu wa kisiwa hicho tu. Lakini mfikirie msomaji wa Nkoma, ng'ambo ya ghuba, katika nchi ya pamba na ng'ombe. Migomba si uti wa mgongo wa chakula chake, na pombe ya faini kwao ingetengenezwa kwa nafaka. Hata hivyo msomaji huyo anajua mahari ya ng'ombe inavyowafunga watu wa koo mbili, anajua mkwe anavyokaa mbele ya mkwe, na anajua neno moja la shangazi linavyoweza kuondoa mke nyumbani. Anachokutana nacho katika riwaya ni mahusiano anayoyafahamu, yakiwa yamevaa vyombo vya jirani. Kadiri Kitereza alivyokuwa mwangalifu na vyombo vya kwao, ndivyo mahusiano hayo yalivyozidi kutambulikana kwingine.

Kwa utafiti wa fasihi yako mashamba mengi ambayo hayajalimwa katika upande huo wa ghuba. Mashindano ya ngoma za Bagika na Bagalu baada ya mavuno, mizani ya pamba siku ya mauzo, mashauri ya ng'ombe wa mahari chini ya mti: kila kimoja kina msuko ndani yake kama ulivyokuwamo katika mitungi sita ya Myombekere. Mambo hayo yamekwisha kuorodheshwa na wataalamu wa mila. Bado yanamsubiri mtunzi atakayeketi nayo, kwa subira ya yule mzee wa Kagunguli, mpaka yamweleze yanamgharimu nani na kiasi gani.